Mama, Usiogope Daftari ya Sayansi

Juma hii tuongee juu ya jambo linalotokea katika jamaa nyingi. Mtoto anarudi kutoka shule na daftari ya hesabu ao ya fizikia. Anauliza kitu. Mama anajibu: "Mimi sikusoma hayo, uliza baba yako." Baba naye hajui. Daftari inafungwa. Ikifungwa hivyo siku moja, si neno. Ikifungwa kila siku, mtoto anaanza kuamini ya kwamba sayansi ni mali ya jamaa zingine.

Jambo hilo haliko kwetu tu. Tuangalie Marekani, kwa jamaa zenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Kuba na sehemu zingine ambako watu wanasema Kihispania. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha ya kwamba wao ni zaidi ya milioni 62, karibu mtu mmoja kwa kila watu watano. Lakini uchunguzi wa kituo cha Pew, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha hivi: katika wafanyakazi 100 wa nchi ile, 17 ni wao, katika wafanyakazi 100 wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, wao ni 8 tu.

Je, watoto wao wamekosa akili? Hapana. Wazazi wengi wanafanya kazi ngumu, masaa mengi, kwa mshahara mdogo. Nyumbani wanasema lugha moja, shuleni kunasemwa nyingine. Mama anaona haya kwenda kukutana na mwalimu, kwa sababu Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Sisi ambao watoto wetu wanasema Kiswahili nyumbani na wanafundishwa kwa Kifaransa, haya hiyo tunaijua vizuri.

Hata hivyo, kuna jamaa ambazo zilipita hapo. Tuangalie tatu.

José Hernández alizaliwa mwaka 1962 huko California. Wazazi wake walitoka Mexico, na kila mwaka walihama kufuata mavuno: leo shamba hili, kesho lile. Watoto walichuma matunda na mboga pamoja nao, wakabadilisha shule kila mara. José alikuwa karibu miaka 12 alipoanza kusema Kiingereza vizuri. Baba yake alisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi tu. Siku moja mwalimu alikuja nyumbani kwao, akawaomba wazazi wakae mahali pamoja ili watoto wasome. Wazazi walimsikiliza. José akawa mhandisi. Aliomba kazi ya mwanaanga mara 11, wakamkataa. Mara ya 12 wakamkubali, na mwaka 2009 akapanda angani katika chombo Discovery.

Ellen Ochoa alizaliwa mwaka 1958, naye pia huko California. Babu na bibi yake upande wa baba walitoka Mexico. Wazazi wake waliachana, na mama yake, Rosanne, akabaki na watoto watano. Mama huyo alikuwa akisoma chuo kikuu polepole, somo moja moja, huku akilea. Ilimchukua miaka 22 kupata diploma yake. Watoto walimwona na vitabu mezani mwaka kwa mwaka. Ellen mwenyewe alipotaka kusoma uhandisi, profesa mmoja hakumtia moyo hata kidogo, kwa sababu ni msichana. Akageukia fizikia, ambako alipokelewa vizuri, halafu akapata udaktari katika chuo kikuu cha Stanford. Mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili hiyo kwenda angani.

Wa tatu ni Mario Molina, aliyezaliwa Mexico mwaka 1943. Alipokuwa mtoto, aligeuza bafu moja la nyumbani, lililokuwa halitumiwi sana, kuwa mahali pa kujaribia kemia. Shangazi yake Esther, aliyesomea kemia, alimsaidia katika majaribio. Mtoto huyo ndiye baadaye, akiwa Marekani, alionyesha pamoja na mwenzake Rowland ya kwamba gesi zilizotumiwa katika friji na katika makopo ya kupulizia dawa zinaharibu ozoni, ile tabaka ya juu inayotukinga na jua kali. Mwaka 1995 walipewa Tuzo ya Nobel.

Wamama, angalieni vizuri. Ni shangazi Esther peke yake aliyejua kemia. Wengine walitoa kitu kingine: mahali pa kukaa, mfano wa kusoma, sikio la kumsikiliza mwalimu. Vitu hivyo vinapatikana hata katika nyumba isiyo na feza.

Tufanye nini basi? Kwanza, usifunge daftari. Mwambie mtoto: "Nieleze kwa Kiswahili, nami nielewe." Akiweza kukueleza wewe, amejua. Akishindwa, ameona mahali pa kuuliza kesho.

Pili, onyesha sayansi iliyo mikononi mwako. Kwa nini tunaloweka muhogo mchungu siku kadhaa kabla ya kuanika? Kwa sababu una sumu, na kuloweka kunaiondoa. Kwa nini kifuniko cha sufuria kinatoka na matone ya maji? Kwa nini mkate unavimba? Mwache mtoto akisie, ajaribu, aangalie. Mwanasayansi hafanyi tofauti.

Tatu, nenda umwone mwalimu, hata kama Kifaransa chako si kizuri. Nenda na mwenzako anayekijua, ao sema Kiswahili.

Nne, msichana asiitwe kuosha vyombo wakati kaka yake anasoma. Wagawane kazi, wagawane na saa ya daftari.

Na kama katika jamaa yako kuna shangazi, mjomba ao jirani aliyesoma unganga, ufundi wa umeme ao ukulima, mwombe saa moja kwa juma. Huenda mtoto wako anamngoja Esther wake.

Tutakapokutana juma ijayo, kila mama alete ulizo moja ambalo mtoto wake alimuuliza. Tutatafuta jibu pamoja.