Bunduki ya gumegume

Wasomaji wetu wa Lweba, Baraka na Fizi wamesikia wazee wakitaja gumegume. Ndiyo bunduki ya jiwe, iliyovuka Tanganyika pamoja na misafara ya Ujiji, zamani za Rumaliza, watumwa walipowindwa pande hizi. Mapadri Weupe walifungua Kibanga katika 1883, katikati ya taabu hiyo.

Inafanyaje kazi? Mtu humimina baruti mdomoni mwa mtutu, hutia risasi, hushindilia kwa mdeki. Ubavuni mwa mtutu kuna tundu ndogo, na nje yake kisahani, jina lake kifa. Humo hutiwa baruti kidogo. Akivuta mtambo, kamani hurusha kichwa chenye meno. Jiwe lililobanwa menoni hukwaruza kipande cha chuma, nacho hurudi nyuma na kufunua kifa. Cheche zinaanguka, moto unapita tunduni. Mvua ikilowesha kifa, bunduki ni fimbo tu.

Wacherkesi wa milima ya Kaukazi waliweka kamani nje, fundi aione. Katika zile za kuuzia Afrika ilifichwa ndani ya bamba.

Mkataba wa Bruksel wa 1890, uliofanywa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za kisasa, bali uliruhusu kwa kibali gumegume zisizo na mifuo mtutuni. Ajabu kwetu: mojawapo ya silaha za mwindaji wa watu ikabaki halali.

Katekista akipewa moja ya kale, asiisogeze motoni. Pengine ingali na baruti ndani, na baruti kavu haizeeki upesi.