Fulana ya kupima maji kifuani itamwambia nini mgonjwa?

Msomaji mmoja amenitaka nitofautishe 'mshtuko wa moyo' na 'moyo kushindwa', akilalamika kwamba sisi wa magazeti huyatumia maneno hayo kama pacha. Ana haki. Mshtuko wa moyo ni tukio: mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba, sehemu ya msuli ikakosa damu na kuanza kufa. Moyo kushindwa ni hali, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi. Moyo haujasimama, la hasha! Unapiga, ila hausukumi damu inavyotakikana. Hebu fikiria anayeambiwa "moyo wako umeshindwa" bila maelezo zaidi. Si atatoka hapo akijua zimebaki siku mbili?

Kinachomtesa sana mgonjwa huyu ni maji. Moyo ukilegea, figo hupata damu haba na kuanza kubania chumvi na maji. Wakati huohuo damu hurundikana nyuma ya moyo na majimaji yakachujika kuingia mapafuni na miguuni. Ndipo miguu inafura, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na usiku mtu halali bila kuegemea mito mitatu. Wengi hukimbilia hospitali wakati huo, maji yakiwa yamekwisha kujaa. Mzani wa nyumbani husaidia, kwani kilo 2 zikiongezeka kwa siku tatu, kwa kawaida hayo ni maji wala si unene. Lakini mzani haukwambii maji yamekaa wapi.

Hapo ndipo inapoingia fulana. Maji ya mwilini yana chumvi, kwa hivyo hupitisha umeme vizuri, hewa haipitishi. Pafu lenye hewa tele huukinza mkondo, lenye maji huuachia njia. Walimu wa fizikia walishatupa neno zuri la jambo hili, 'ukinzani', na nitalitumia ingawa wataalamu wangependa kuongeza mengine juu yake. Basi fulana hufumwa kwa uzi wa kawaida, ila mahali pane hutiwa vipande vya nyuzi za nailoni zilizopakwa madini ya fedha. Hivyo ndivyo elektrodi. Viwili hupitisha mkondo hafifu unaotetema kwa kasi, mara nyingi mizunguko 50,000 kwa sekunde, na mvaaji hahisi kitu. Viwili vingine hupima volteji. Ukinzani ukishuka siku baada ya siku, huenda maji yanapanda.

Kwani viwili havitoshi? Ngozi kavu hukinza umeme kuliko kifua chenyewe. Ungepima kwa vipande vilevile vinavyotuma mkondo, ungekuwa unapima ngozi ukidhani unapima mapafu.

Elektrodi za hospitali hubandikwa kwa jeli, nayo hukauka na gundi yake huwasha. Kitambaa hakina jeli; hutegemea jasho, kwa hivyo dakika za kwanza vipimo huyumbayumba. Kufua nako huikwangua fedha. Tena mtu akijilaza, ukinzani hubadilika ilhali maji hayajaongezeka hata tone, ndiyo maana inafaa kupima saa ileile, mkao uleule.

Je, inafaa kujisumbua hivyo? Jibu tunalipata kwa vifaa vinavyopandikizwa kifuani, ambavyo hupima kwa kanuni iyo hiyo. Utafiti wa wagonjwa 33 uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ukinzani ulianza kushuka takriban siku 15 kabla ya dalili kuzidi. Wiki mbili nzima! Lakini mwaka 2011 ukachapishwa mwingine, DOT-HF, wa wagonjwa 335. Baadhi yao walikuwa na kifaa kilicholia ukinzani unaposhuka. Hao waliosikia mlio ndio waliolazwa hospitalini kwa wingi zaidi kuliko wenzao ambao kifaa chao kilinyamaza.

Mimi si daktari, na najua king'ora kilikosea mara nyingine, lakini kama mtu wa lugha sishangai. Mlio hausemi ni nini kimetokea, kwa kiasi gani, wala ufanye nini. Husema "hatari" tu, na mwenye moyo mgonjwa akisikia hatari atakwenda wapi kama si hospitali?

Fulana hizi zitazungumza kupitia simu, na zikifika huku kwetu kuna mtu atakayetafsiri maneno yake. Naogopa atafungua kamusi ya sayansi na kutuandikia "ongezeko la ugiligili limegunduliwa". 'Ugiligili' ni neno halali, nalitumia darasani bila haya. Kwa mzee aliyeamka saa tisa za usiku akitafuta miwani, halifai. Mimi ningeandika: "Maji yanaanza kuongezeka kifuani. Jipime uzani, tazama kama miguu imefura, kisha mpigie muuguzi wako leo. Ukikosa pumzi usingoje, nenda hospitali." Na herufi ziwe kubwa.