Baiti 64 za Kurudi Nyuma

Kwa kawaida fanksheni ya C ikimaliza kazi humrudia aliyeiita, naye humrudia aliyemwita yeye, ngazi kwa ngazi. Lakini kosa likitokea huko chini kabisa, mara nyingine programu haina haja ya kupita ngazi zote. Inataka kuruka moja kwa moja hadi juu. Lua, lugha iliyozaliwa chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, mwaka 1993, hufanya hivyo inapojengwa kwa C ya kawaida. Ndiyo maana hati mbovu ya Lua si lazima iiangushe programu nzima iliyoibeba. Vyombo vya kazi hiyo ni viwili: setjmp huweka alama, longjmp huirudia.

Wengi hudhani setjmp hupiga picha ya programu yote. Wapi! Kwenye prosesa ya x86-64 chini ya Linux, maktaba ya musl huhifadhi thamani nane tu: rejista rbx, rbp, r12, r13, r14 na r15, kisha rsp inayoonyesha kilele cha staki, na anwani ya kurudia. Kila moja ni baiti nane, jumla 64. Rejista za matumizi ya jumla ni 16, kwa hiyo tisa nzima, zikiwamo rax na rcx, hazihifadhiwi kabisa.

Mbona zinaachwa? Kwa sababu setjmp yenyewe ni fanksheni inayoitwa. Makubaliano ya wito kwenye mfumo huo yamegawa rejista mafungu mawili. Fungu la kwanza, anayeitwa ana ruhusa ya kulichafua apendavyo. Mwitaji mwenye kitu cha maana humo hukihifadhi mwenyewe mapema. Fungu la pili ni kama sufuria ya jirani: ukiiazima, irudishe kama ulivyoikuta. Kompaila ilipotafsiri wito wa setjmp ilikwisha kulihesabu fungu la kwanza kuwa limepotea, basi kulihifadhi ni kazi bure. ARM ya biti 64 hufuata hoja hiyo hiyo: huhifadhi x19 hadi x30, kiashiria cha staki, na d8 hadi d15 za namba za desimali.

Maktaba ya glibc huongeza tahadhari moja ninayoipenda: rbp, rsp na anwani ya kurudia huvurugwa kwanza kwa namba ya siri, ili mshambuliaji akiandika juu ya kumbukumbu hiyo asiweze kuielekeza programu atakako kirahisi.

Sasa mtego. Zimehifadhiwa rejista, staki haikuhifadhiwa. Chukua kibadilika n chenye 0. Unaita setjmp, inarudisha 0; unaandika n = 5, kisha unaita longjmp. setjmp inarudi mara ya pili, safari hii ikiwa na thamani uliyoipa longjmp (ukiipa 0, utapata 1). Je, n ni ngapi? Ikiwa kompaila iliiweka n kwenye staki, utaona 5, kwani staki haikurudishwa nyuma. Ikiwa iliiweka kwenye rbx, rejista imerudishwa ilivyokuwa, na unaona 0. Programu ile ile inaweza kujibu 5 ikijengwa bila uboreshaji na 0 ikijengwa kwa -O2. Kiwango cha C kinalisema wazi: kibadilika cha ndani kisichotangazwa kwa neno volatile, kikibadilishwa kati ya setjmp na longjmp, thamani yake haijulikani.

Kosa lililo baya zaidi ni kurukia fanksheni iliyokwisha kurudi. Eneo lake la staki huenda limeshatumiwa na fanksheni nyingine, na hapo hakuna volatile itakayokuokoa.

Kwa hiyo kabla hujatafuta hitilafu kwa saa nzima, kagua kwanza vibadilika vyote vinavyoguswa kati ya alama na mruko, uviandikie volatile. Na kama unaandika C++, tumia vighairi vya lugha yenyewe: longjmp haina ahadi ya kuita viharibu vya vitu inavyoviruka.