Mtoto Aliyebadilika Tabia: Njia ya Msaada Kuanzia Darasani hadi Hospitali ya Wilaya

Katika kila muhula, ofisi za walimu wakuu na wakuu wa shule hupokea wanafunzi wanaofanana sana. Yupo aliyekuwa msikivu ambaye sasa anapigana kila mapumziko. Yupo aliyekuwa akiongoza darasa ambaye sasa analala juu ya dawati. Yupo pia anayeondoka nyumbani na sare safi lakini hafiki shuleni. Mara nyingi mwanafunzi wa namna hiyo hupata jina kabla ya kupata msaada: mtukutu, mtoro, mvivu, jeuri. Jina likishazoeleka, hakuna anayeuliza tena tabia hiyo ilianza lini na nini kilitokea wakati huo. Swali hilo ndilo la kwanza katika huduma ya malezi na unasihi, ambayo kila shule ya msingi na ya sekondari inatakiwa kuwa nayo, na ambayo wazazi wengi hawajui kwamba ipo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Katika mfumo wa elimu nchini, huo ni umri wa mtoto aliye shule ya msingi au aliyeingia Kidato cha Kwanza. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 45 lingekuwa na watoto wapatao sita wanaohitaji uangalizi, kama matatizo yangegawanyika sawasawa, jambo ambalo kwa kawaida halitokei.

Hata hivyo, si kila mabadiliko ya tabia ni ugonjwa wa akili. Mtoto anayeonekana kumdharau mwalimu kwa kutoitikia anapoitwa huenda hasikii vizuri, hasa kama masikio yake yamekuwa yakitoka usaha tangu utotoni. Ipo pia aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatoi povu: hupotewa na fahamu kwa sekunde chache, akakodoa macho, kisha akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Likimpata mara nyingi kwa siku, mwanafunzi huyo hukosa vipande vya somo, akashuka alama na kuadhibiwa kwa kuzubaa. Wako watoto ambao tangu wakiwa wadogo hushindwa kutulia au kusubiri zamu yao, hata wanapotaka. Wengine wamefiwa na mzazi na hawajapata mtu wa kuzungumza naye baada ya matanga kuanuliwa. Watu wazima hudhani mtoto amesahau kwa kuwa anacheza. Wengine humuuguza mgonjwa nyumbani usiku kucha, hulala na njaa, au wameanza kutumia pombe na bangi. Wapo pia wanaofanyiwa ukatili na mtu wanayemfahamu, na hao mara nyingi huonyesha hasira au ukimya badala ya kueleza yaliyowapata.

Kazi ya mwalimu anayesimamia malezi na unasihi ni kutofautisha hali hizo kadiri awezavyo. Humsikiliza mwanafunzi faraghani, huangalia mahudhurio na maendeleo yake ya miezi iliyopita, huwauliza walimu wa masomo, kisha humwita mzazi. Mwalimu huyo si daktari, na hatakiwi kutaja jina la ugonjwa. Inafaa pia wazazi wafahamu kwamba huyu ni mwalimu mwenye vipindi kama wenzake. Muda wake wa unasihi ni mfupi, na katika shule nyingi hana hata chumba cha kuzungumzia, hivyo mazungumzo hufanyika chini ya mti au darasani baada ya masomo. Mzazi anayefika siku aliyoitwa humpunguzia kazi kuliko anavyodhani.

Viboko haviwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi huo. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu hiyo zinairuhusu kwa makosa makubwa tu. Isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila inapotolewa iandikwe katika kitabu. Kitabu hicho kina manufaa ambayo pengine hayakukusudiwa: jina la mwanafunzi mmoja likijirudia humo, shule imepata dalili kwamba adhabu haijagusa chanzo cha tatizo.

Mwalimu akiona jambo linazidi uwezo wa shule, njia hugawanyika. Linalohusu mwili au akili huanzia zahanati au kituo cha afya cha kata, ambako mganga humpima mtoto na kutoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Hali ngumu zaidi hupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, na baadhi hufika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma, ingawa watoto wengi hawahitaji kufika huko. Linalohusu ukatili, kutelekezwa au ugomvi wa wazazi hupelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri, moja kwa moja au kupitia Mtendaji wa Kata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa sababu hiyo, mwalimu humhifadhia mtoto siri zake, isipokuwa pale usalama wa mtoto unapokuwa hatarini. Anayehofia kuonekana ofisini anaweza kupiga namba 116, huduma ya simu kwa mtoto isiyo na malipo.

Baadhi ya familia huanza kwa mganga wa tiba asili au kwa maombi. Hakuna anayezikataza imani zao, lakini miezi inayopita kabla ya kufika zahanati ni masomo yanayopotea, na kwa mtoto mwenye kifafa ni hatari ya kuanguka motoni au kisimani. Mtoto aliyeanza dawa za kifafa asiachishwe ghafla kwa kuwa ameonekana kupona, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Hali moja haingoji hatua hizo zote. Mtoto anayesema amechoka kuishi, anayegawa vitu vyake au aliyejaribu kujidhuru apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi. Dawa za kuulia wadudu wa mazao na vidonge vya nyumbani vifungiwe mbali naye. Kumuuliza kwa upole kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema.

Mtoto akirejea shuleni baada ya matibabu, mzazi amweleze mwalimu wa malezi mambo matatu: dawa hutolewa saa ngapi, inamletea usingizi au la, na tarehe ya kurudi kliniki. Kwa taarifa hiyo shule inaweza kumketisha mbele, kumruhusu kwenda kliniki bila kuhesabiwa mtoro, na kumpa muda wa kufidia masomo. Wanafunzi wenzake hawana haja ya kuambiwa jina la ugonjwa. Kwa mwenye kifafa, inatosha wajue namna ya kumsaidia akianguka: wamlaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu naye, wasimtie kitu mdomoni, wamwite mwalimu.