Nyumba kati ya Kipupwe na Vuli: Paa na Maji katika Morogoro na Uluguru (Sehemu ya Pili)

Mji wa Morogoro uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo mwaka wake huenda kinyume na ule wa Ulaya: kipupwe, yaani miezi ya baridi na ukavu ya Juni hadi Agosti, ndicho kipindi cha baridi cha nusu ya kusini ya dunia, na Septemba, jua linapovuka Ikweta kuelekea kusini, joto huanza kurudi. Karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri husimama wima juu ya mji huo, upepo wa kusi hulegea ili kuupisha wa kaskazi, na katika kupokezana huko ndipo huanguka mvua za vuli. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilishughulikia msingi na kuta. Hii inahusu paa na njia za maji, kazi ambazo wakati wake ni majuma machache yaliyo kati ya baridi na mvua, na ambazo wengi huziahirisha hadi mvua iwakute.

Uahirishaji huo si wa tangu zamani. Nyumba ya nguzo, fito na udongo, iliyoezekwa kwa nyasi, haikumruhusu mwenyewe asahau, kwa kuwa nyasi huoza na udongo uliokandikwa hupasuka, hata kuezeka na kukandika upya kukawa miongoni mwa kazi za kiangazi kama kufyeka shamba. Bati liliondoa ulazima huo. Hukaa miaka mingi bila kudai chochote, kisha hudai yote kwa usiku mmoja.

Kuvuja kwa bati mara nyingi huanzia kwenye msumari. Chuma hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi: bati la mita 3 likipanda nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, kisha usiku hurudi. Kwa kuwa msumari umeshikwa na papi, yaani ubao mwembamba uliolazwa juu ya kenchi ili kupokea bati, mvutano huo hurudiwa kila siku hadi tundu lililokuwa la mviringo likawa na umbo la yai, mpira ulio chini ya kichwa cha msumari ukakauka na kupasuka, na msumari wenyewe ukaanza kucheza. Kipupwe huzidisha madhara hayo, maana usiku wa mbingu safi hupoza bati sana na jua la mchana hulichoma bila wingu la kulikinga. Ndiyo maana msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, ambako maji hayasimami, na fundi anayeupiga bondeni huwa ameacha mlango wazi.

Fundi mzoefu haanzi kazi juu ya paa. Huingia darini saa sita mchana, huziba mahali panapoingiza mwanga na kungoja macho yazoee giza, na hapo kila tundu huonekana kama nyota, naye hulitia alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu (dari la chini ya bati kwa saa hiyo ni tanuri, na pengine ndiyo sababu ukaguzi huu hufanywa na wachache). Msumari uliolegea haugongwi tena katika tundu lile lile, kwa sababu ubao umekwisha kuuachia. Hung'olewa, ukawekwa mrefu na mnene zaidi wenye mpira mpya, na tundu lililopanuka kupita kiasi huzibwa kwa kitambaa kilicholowekwa lami. Katika safari hiyo hiyo hutazamwa vijia vya udongo vya mchwa, ambavyo haitoshi kuvikwangua tu, bali hufuatwa hadi vinakotoka ardhini.

Gata, yaani mfereji wa bati au plastiki unaopokea maji ya paa, hudharauliwa kwa sababu ya wepesi wake. Paa la meta za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya lita 1,600, sawa na mapipa manane ya lita 200, na gata lililobonyea katikati huyamwaga yote mahali pamoja, kwa kawaida kando ya ukuta.

Milimani hesabu hiyo hubadilika. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayotazama Bahari ya Hindi na kupokea unyevu wake, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati mji ulio upande wa pili haufikii 1,000. Kwa hiyo katika miteremko hiyo, kama Kinole au Matombo, hakuna ukavu wa kweli wa kungojea, na kinachotafutwa ni siku chache tu zilizo afadhali. Huko nyumba nyingi hukaa juu ya kidaraja kilichochongwa ubavuni mwa mlima, na adui mkubwa ni maji yanayoshuka nyuma yake. Kuchonga mlima kwa ngazi kuna historia huko: mpango wa kikoloni wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi hadi waliposimama kuupinga mwaka 1955, na moja ya sababu zao ilikuwa ya kiufundi kabisa, kwamba katika udongo mwembamba ngazi hufukia rutuba na kufunua udongo mkavu usiozaa.

Ili kuyageuza maji yanayoshuka nyuma ya nyumba, mtaro hauchimbwi mguuni mwa ukuta, ambako ungelowesha msingi, bali juu ya ukingo uliochongwa, ukiwa na mwinamo mdogo kuelekea korongo la asili, si kuelekea kwa jirani, na kingo zake hushikwa kwa mabingobingo yaliyopandwa mvua za kwanza zinapoanza. Kabla ya hapo humwagwa ndoo mbili za maji kwenye kichwa cha mtaro, na mwenye nyumba huyafuata kwa miguu hadi mwisho, akiwa na jembe mkononi, kwa kuwa mahali yatakaposita kwa ndoo mbili ndipo yatakapofurika kwa mvua ya vuli.