Sahani Shilingi Ngapi? Utangulizi wa Biashara ya Keteringi

Huenda umefika hapa kwa sababu kila shughuli ya ukoo mwiko huishia mkononi mwako, na wageni wakishashiba wanakuuliza kwa nini usifungue biashara. Swali lao ni la haki, ila chakula kitamu hakilijibu lote.

Tuanze na maana. Keteringi ni huduma ya kupika na kuandaa chakula mahali alipochagua mteja, kwa idadi, saa na bei mlizokubaliana mapema. Mama lishe hupika kwanza, kisha husubiri wateja. Ubwabwa ukibaki, hasara ni ya siku moja na kesho atapunguza. Mwenye keteringi ameshauza chakula kabla hajanunua hata kitunguu. Kwa hiyo faida yake huingia, au hupotea, siku anapotaja bei. Wazo hili ndilo msingi wa somo zima, nami nitalirudia bila kuona haya.

Mifano yangu nitaitoa Dar es Salaam, mji wa harusi, sendofu, komunio, maulidi na semina. Kamati ya harusi ikikupigia simu, swali lake la kwanza litakuwa: “Sahani shilingi ngapi?” Wageni wengi katika kazi hii hujibu kwa kutaja bei waliyoisikia kwa jirani. Jizuie. Huwezi kujua bei ya sahani kabla ya kujua kilichomo ndani yake.

Hapo ndipo tunapokutana na istilahi yetu ya kwanza, mapishi sanifu. Ni maandishi yanayoonyesha uzito wa kila kiungo, idadi ya watu watakaokula na ukubwa wa mgao wa kila mmoja. Najua utaniambia kwamba bibi yako hakupima na pilau yake haikuwahi kuharibika. Kweli, lakini bibi alikuwa anapikia watu aliowajua matumbo yao. Kwa watu 300, kosa la gramu 30 za mchele kwa kila mmoja ni kilo 9.

Kwenye bafe yenye vyakula vingine, kilo 1 ya mchele hutosha watu 8 hadi 10. Mchele mpya hushikana. Uliokaa ghalani hunywa maji zaidi na kuchambuka, ndiyo maana wapishi wa biriani huuliza umri wa mchele kabla ya kuuliza bei. Nyama nayo ina hesabu yake. Ikiiva hupungua, mara nyingi kwa robo hadi theluthi ya uzito wake. Kinachobaki baada ya kumenya, kukata na kuivisha tunakiita mavuno. Tuseme umenunua kilo ya nyama kwa shilingi 10,500, na mezani zikafika gramu 700. Kilo ya mezani imekugharimu shilingi 15,000, na hiyo ndiyo bei inayoingia kwenye hesabu ya sahani. Ukitumia bei ya sokoni, tayari umejipunja.

Sasa tupande ngazi moja. Gharama za kazi hii nazigawa katika mafungu matatu. Gharama za sahani huongezeka kwa kila mgeni: mchele, nyama, viungo, gesi, soda. Gharama za shughuli hulipwa mara moja kwa kila tukio, wageni wawe wachache au wengi: gari la kwenda na kurudi, mpishi mkuu wa siku hiyo na wasaidizi wake. Gharama za kudumu hulipwa kila mwezi hata kama hakuna aliyeoa: pango la jiko na stoo, mlinzi, uchakavu wa masufuria, mshahara wako. Ndiyo, wako. Asiyejilipa huita faida kile ambacho ni jasho lake tu.

Tupige mfano. Umeuza sahani kwa shilingi 15,000 na gharama zake ni 9,000. Kila sahani inakuachia 6,000. Kiasi hicho huitwa mchango wa sahani. Gharama za shughuli ni 600,000. Gawanya 600,000 kwa 6,000, unapata sahani 100. Hicho ndicho kiwango cha kurudisha gharama, yaani idadi ambayo ukiifikia hupati wala hupotezi. Harusi ya watu 300 itakuachia 1,200,000. Kipaimara cha watu 80, kwa bei ileile, kitakula 120,000 kutoka mfukoni mwako, huku kila mtu akikusifia kachumbari. Shughuli ndogo haina budi kuwa na bei kubwa zaidi kwa sahani, na mteja akielezwa kwa upole huelewa.

Na gharama za kudumu je? Zikiwa 1,500,000 kwa mwezi, harusi moja ya watu 300 haitoshi. Mbili zitakuachia 900,000. Kumbuka pia kwamba miezi hailingani. Kwaresma na Ramadhani harusi hupungua sana, na mwaka 2025 vipindi hivyo viwili vilianza kwa kupishana siku chache tu. Walionusurika ni wale waliokuwa na oda za futari, chakula cha mchana maofisini, au akiba ya Desemba.

Jambo linalowachanganya wanafunzi kuliko yote ni idadi ya wageni. Kamati huhesabu kadi za mtu mmoja na za wawili, lakini kadi hazili. Wapo wasiotokea, na wapo wanaokuja na wadogo zao. Dawa yake ni idadi ya uhakika: namba ambayo kamati inaithibitisha kwa maandishi siku chache kabla, na ambayo watailipia hata ukumbi ukiwa nusu. Wewe pika nyongeza kidogo, tuseme asilimia 5, ukiwa umeshaiweka ndani ya bei.

Kisha panga meza yako kwa akili. Wali na ndizi vitangulie, mboga na kachumbari zifuate, nyama na kuku vikae mwisho na mhudumu wa kugawa asimame hapo na koleo yake. Mgeni anafika kwenye nyama sahani ikiwa imejaa. Wengine huuona mpango huu kama ubahili. Mimi nauona kuwa ni haki kwa meza ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo ya wapishi wenzako, madereva na watu wa muziki.

Kuhusu usalama siwezi kupita haraka. Vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kiwango hicho cha joto wataalamu hukiita eneo la hatari. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hupatikana kwenye mchele, na mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe taratibu, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mwenzake, Clostridium perfringens, hupenda masufuria makubwa ya mchuzi yanayopoa polepole. Sasa fikiria harusi zetu. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 usiku, chakula kinaanza saa 4. Ukiivisha pilau saa 8 mchana, saa 4 usiku itakuwa na umri wa saa nane. Panga iive karibu na muda halisi wa kula, na ikisubiri isubiri juu ya nyuzi 60. Vyombo vya bafe vyenye moto chini hutunza joto tu. Havina nguvu ya kupasha kilichopoa.

Upande wa sheria ni mwepesi kuliko unavyosimuliwa: jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi kutoka TRA (mamlaka ya mapato), leseni kutoka halmashauri, ukaguzi wa jiko na vipimo vya afya kwa wote wanaogusa chakula. Muone afisa afya wa kata kabla hujalipia pango. Akikuonyesha sakafu isiyofaa mapema, amekuokolea pesa.

Imebaki istilahi moja: mtiririko wa fedha, yaani tarehe ambazo pesa huingia na kutoka. Mtu anaweza kuwa na faida kwenye daftari na akakosa hela ya gesi. Ofisi za umma huchelewa kulipa, hivyo tenda kubwa isiyo na mtaji nyuma yake inaweza kukuangusha. Kwa harusi, pokea nusu siku ya kusaini na iliyobaki kabla hujaenda sokoni. Michango hukusanywa kabla ya sherehe. Baada yake hufuata hafla ya kuvunja kamati, na kamati ikishavunjwa, deni lako halina mwenyewe.

Kwa kuanzia, tafuta mizani, daftari na kilo mbili za mchele. Pika kama ulivyozoea, lakini pima kila kinachoingia na kila kinachotoka, kisha gawa kwenye sahani mpaka sufuria iishe. Sura ya kwanza inaanzia kwenye namba utakazokuwa umeziandika.