Kababu za bata mzinga: mawese huzilainisha, lakini huficha ubichi

NYAMA ya bata mzinga, hasa ya kidari, ina mafuta machache, ndiyo maana kababu zake hukauka upesi kikaangoni. Kwa wapishi wa Kasulu na Kibondo dawa haiko mbali: ni mawese, zao la michikichi ambalo Mkoa wa Kigoma unasifika kwalo.

Kilo moja ya nyama iliyosagwa hutosheka na vijiko viwili vya mezani vya mawese, vitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, bizari nyembamba, chumvi, pamoja na kitunguu maji kilichokunwa na kukamuliwa. Kisipokamuliwa, kababu humeguka. Wapo wanaotia yai, si lazima.

Kiasi cha chumvi kionjwe kwa kukaanga kipande kidogo, kamwe si kwa kulamba nyama mbichi. Nyama ya ndege yaweza kuwa na vimelea vya salmonela, na mashine ya kusagia huvisambaza hadi katikati ya kababu. Tena wekundu wa mawese humpotosha mpishi anayetegemea rangi. Kipimajoto kikichomwa katikati kisome nyuzi joto 74 za Selsiasi. Asiyenacho atengeneze kababu nyembamba, unene wa kidole, azifunike na kuzikaanga kwa moto wa wastani bila haraka.